Aliyekuja Kuangalia Picha Yake

Sijaongeza neno hapa wala sijapunguza. Asiyetaka kuamini aje Lipangalala amuulize mama yangu, yupo, na siku hizi anaongea vizuri tu. Tena ilikuwa mchana kweupe, na mimi si mtu wa kuona mashetani.

Nilipostaafu ualimu nilianza kujitolea kwenye chumba cha kumbukumbu cha parokia yetu. Humo zimetunzwa picha za zamani za watu wa bonde hili: harusi, kwaya, mavuno ya mpunga, watu wakivuka mto kwa mitumbwi. Nyingi hazina majina. Kazi yangu ni kuzifuta vumbi na kuwauliza wazee, "Huyu ni nani?"

Wakati huo mama alikuwa amegoma kula. Kila jioni alisema dada yake, Koleta, anamwita kwa hasira. Koleta alikufa maji mama akiwa mtoto. Mama alikuwa amemlilia amletee gauni la komunyo ya kwanza kwa fundi ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Koleta akaenda, na wakati wa kurudi mtumbwi ukapinduka. Mwili haukuonekana, wala nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Padri alikuja, daktari akaja, ndugu wengine wakaanza kunong'ona habari za waganga. Mama akazidi kukauka. Ungefanya nini wewe?

Basi siku hiyo niko peke yangu chumbani, nikaona mtu mlangoni. Msichana, kitambaa cheupe kichwani, kovu juu ya nyusi, miguu mitupu. Alinitazama tu, kama anasubiri kitu.

"Karibu," nikasema.

"Mbona huniamkii, mwanangu?"

Nilicheka. Mwanangu! Mimi na mvi zangu hizi, naitwa hivyo na binti ambaye ningeweza kumzaa? Nikaona ni utani wa vijana wa sasa. Nikamuuliza shida yake.

"Nimekuja kuangalia picha. Toa lile boksi la chini."

Boksi lile lilikuwa halijafunguliwa tangu liletwe. Nikalifungua. Nilikuwa nazipitisha picha moja moja, ghafla akasema, "Hiyo." Watoto na wasichana wamejipanga mbele ya kanisa.

"Huyu anayelia ni Agata. Alitaka kusimama mbele, wakamweka nyuma."

Agata ni mama yangu. 

"Na huyu aliyemshika bega?"

"Mimi."

Nikainama kuangalia. Uso ule ule, mwanya ule ule, na kovu lile lile juu ya nyusi. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mpelekee. Mwambie mimi simwiti. Sijawahi kumkasirikia. Ale chakula."

Akatoka. Nikamkimbilia. Nje alikuwepo Mama Tekla, mpishi wa parokia, ambaye alianika mpunga baada ya mimi kuingia. Turubai lilijaa kuanzia kizingitini hadi kwenye ua.

"Yule msichana kaelekea wapi?"

"Msichana gani? Nimekaa hapa muda wote nafukuza kuku. Na angepitaje asikanyage mpunga wangu?"

Nikatazama chini. Mpunga ulikuwa umesawazishwa vizuri. Nyayo zilizokuwepo ni zangu tu, nilizokuwa nimeziacha sasa hivi.

Ruhusa niliomba baadaye. Saa ile niliifunga picha kwenye kanga, nikapanda bodaboda. Nilimkuta mama amegeukia ukutani. Nikamwekea picha mkononi, nikampa maneno yale kama nilivyopewa. Aliitazama sana.

"Koleta," akasema. Halafu akanigeukia. "Ulimwamkia?"

"Hapana, mama. Nilimwona mtoto."

"Mama yako mkubwa yule! Mwalimu mzima, huna adabu!"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi, kisha akalia kweli, kisha akaomba uji. Alipomaliza bakuli akauliza kama kuna samaki. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Tangu hapo hajaitwa tena jioni. Nakala ya ile picha iko juu ya kitanda chake, na kila mgeni anaonyeshwa: "Huyu anayelia ni mimi." Amenenepa. Mimi ndiye niliyebaki na woga kidogo: sikai tena chumbani kule peke yangu, na ile picha yenyewe siishiki bila kusali kwanza.

Nawe uliye na picha za wazee kwenye mfuko juu ya kabati, mende wanazila, zishushe leo. Kaa na wenye kumbukumbu, wataje majina, uyaandike nyuma. Usingoje wenyewe waje kujitaja.