Kaka na Dada Banda Moja

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni, baba mkubwa aliponiita nimshikie mlango wa banda. Ana bustani ya nyoka barabara ya kwenda Marangu, na watalii wakishuka mlimani hupita kupiga picha. Wanachofuata hasa ni chatu wetu weupe. Mmoja wao, jike, nimemlea mimi tangu akiwa mwembamba kama kidole gumba.

Siku hiyo baba mkubwa akamwingizia dume bandani ampande. Dume huyo ni kaka yake, wametoka kwenye mayai ya mama mmoja.

Mimi siongei mbele za watu, hata darasani. Siku hiyo niliongea.

"Baba mkubwa, hawa si ndugu? Na wa mwaka jana uliowapandisha walikuwa ndugu. Wale watoto..."

Sikumaliza. Wale watoto walitoka na migongo imepinda, mmoja hata kumeza hakuweza. Nilimzika mwenyewe kwenye migomba.

"Nikileta dume wa nje, watoto watatoka na madoadoa, weupe utapotea," akasema. "Hapa tunalinda damu."

"Mbona dada ulimkataza?"

Mwezi uliopita dada yangu alileta mchumba. Baba mkubwa akachimbua upande wa mama yake yule kijana mpaka akakuta babu mmoja wa zamani, wa kwao na wa kwetu. Akasimama mbele ya ukoo mzima akasema hawa ni damu moja, watazaa watoto wenye kasoro. Posa ikavunjika. Dada alilia wiki nzima, na mimi, niseme kweli, niliona mzee ana hoja.

"Nyoka hana ukoo, mwanangu," akacheka. "Au unataka huyu apeleke pombe ya mbege ukweni?"

Wafanyakazi wakacheka naye. Nilitamani kumtupia ndoo ya maji. Damu ya karibu inafanya nini anajua vizuri kabisa. Alijua alipomvunjia dada posa. Kwa chatu wangu ndiyo kasahau, kwa sababu ya picha za wageni.

Kesho yake asubuhi, kabla ya ibada, nilimkamata yule dume nyuma ya kichwa, kama baba mkubwa mwenyewe alivyonifundisha, nikamrudisha kwenye banda lake na kufunga kufuli. Nje ya kanisa, watu wote wakisikia, akaniuliza ufunguo uko wapi.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema. "Nimempa dada. Kamwombe yeye."