Mtamba wa Kuwekewa

Wakenya waliomshusha kwenye lori walikuwa wakisema "fili, taratibu na fili," na mimi wiki mbili nzima nikamwita Fili, nikidhani ndilo jina lake. Msimamizi wa farasi, mtu wa Arusha mwenye subira ya kuhesabika, ndiye aliyeniambia kwamba hilo si jina. Ni neno la farasi jike kijana ambaye hajazaa. Nikamwambia, si useme mtamba tu. Akasema mtamba ni wa ng'ombe. Nikamuuliza, kwani farasi anazaa kwa mdomo? Tangu siku hiyo pale bandani akawa mtamba, na hata msimamizi akazoea.

Kambi yetu iko upande wa Natta, na wageni hupanda farasi kwenda kuangalia nyumbu. Nilifika pale kufua mashuka, mwaka mmoja baada ya mume wangu kufariki. Siku moja farasi mmoja alijaa gesi, wanaume wote wamesimama wanatafuta mtandao wa kumpigia daktari, nami nikaacha beseni langu, nikamshika, nikaanza kumtembeza polepole huku nikimsugua ubavu mpaka alipotoa upepo. Nimezaliwa Genkuru, kwenye boma la ng'ombe, tumbo la mnyama nalijua. Mwezi uliofuata nikahamishiwa kwenye farasi.

Mtamba yule aliletwa na mwenyewe, mama mtu mzima wa upande wa pili wa mpaka, aliyekuja nyuma ya lori na gari lake dogo, buti za mvua miguuni. Alinieleza habari ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri. Kwao kulikuwa na kiwanja kikubwa cha mbio za farasi. Sasa kiwanja kimekatwa, upande mmoja magorofa, upande mwingine maduka, na mabanda yote ya farasi yanavunjwa. Mbio zitahamia kwingine, wapi na lini hakuna anayejua.

"Wanasema ni maendeleo," akasema.

Nilitaka kumwonea huruma lakini nilikuwa bado nyuma kwenye hadithi. Nikamuuliza, hao farasi walikuwa wanakimbia kwenda wapi?

"Wanazunguka tu."

"Wanarudi pale pale walipoanzia?"

"Pale pale."

"Na watu wanalipa kuangalia?"

"Wanalipa sana, mama. Walikuwa wanalipa."

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi siku ile nilikuwa mwenyekiti wa wasiojua. Huyu mtamba mwenyewe, akaniambia, hajawahi kukimbia hata mara moja, aliumia mguu wa mbele mazoezini. Lakini mama yake alikuwa na mbio, bibi yake alikuwa na mbio, na dada wa bibi yake ndiyo usiseme. Kisha akachukua kamba, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole kwa mikono yake miwili.

"Huyu nakuwekea wewe," akasema. "Si kambi. Ni wewe. Mtunze kama wako."

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na sijui hata leo lilikuwa la nani.

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, au wezi wakiingia, atabaki na nini? Kwa hiyo anamchukua mmoja, mara nyingi jike, anamwekea mtu anayemwamini. Hakuna karatasi. Anakupa kamba, anasema nakuwekea, basi. Wewe unachunga, unatibu, unakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenye mali. Lakini wakishazaliana, mwenye mali anakukumbuka kwa mtamba mmoja, naye anakuwa wako kabisa, yeye na uzao wake. Asipokukumbuka, wazee wanamwita wamuulize yeye ni mtu wa namna gani.

Na kuwekewa ni mambo ya wanaume. Sijawahi kusikia mwanamke amewekewa ng'ombe. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu nilipoolewa, kaka yangu alitolea mahari baadhi yao, waliobaki akawafuga. Nikienda nyumbani nawaona wajukuu wa ng'ombe wale zizini kwake, wamenenepa, na nikitaka maziwa namwomba wifi. Sasa mtu anashuka kwenye gari, ananishika mkono mbele ya watu, ananiambia si kambi, ni wewe. Nililia. Yule mama akadhani nawapenda farasi sana, akanikumbatia.

Jumapili nikampigia simu mama yangu kumpa habari. Akauliza maswali matatu.

"Inakamuliwa?"

"Hapana, mama."

"Inalima?"

"Hailimi."

"Inaliwa?"

"Mama, watakufunga!"

"Sasa wamekuwekea nini?"

Nikatafuta jibu. Nikasema, ukoo. "Ukoo si kitu kidogo," mama akasema, akataka kujua mtamba atazaa lini.

Nilimtunza mtamba yule kwa hasira, maana mapenzi yangu mimi huwa yanatoka kama hasira. Nilimgombeza asipokula. Nilimpaka dawa ya mbung'o kila asubuhi, na bado walimpata, akashikwa na ugonjwa wao wa nagana, akakonda mpaka mbavu zikahesabika. Msimamizi alisema tujiandae kumpoteza. Nikamwambia ajiandae peke yake. Siku kumi na moja nilimnywesha maji kwa kikombe, na siku ya kumi na mbili akaniuma bega, nikajua amepona. Moyoni nilikuwa nikisema, pona, unizalie. Nilikuwa na ng'ombe wangu wa kwanza duniani, na alikuwa farasi.

Mvua mbili zikapita. Kisha msimamizi akaniambia, kama mtu anayekutajia zamu za wiki, kwamba mama mwenye farasi anauza kila kitu. Kiwanja kimekwisha kabisa, hata ile nusu iliyobaki. Mthamini angekuja Alhamisi kumpangia mtamba bei.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe vipi?"

"Niliwekewa."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, si kwa ubaya, lakini akacheka. Akaniambia kwamba wanaozungumza Kiingereza humwambia hivyo mfanyakazi yeyote, ni heshima tu, ni kumtia mtu moyo. "Ukipewa shibiri, dada, usichukue pima." Nilimwacha na methali yake, nikaingia bandani, nikasimama nyuma ya mtamba nikiwa sijui nimeibiwa au nimejiibia mwenyewe. Maneno niliyasikia kwa masikio yangu. Lakini inawezekanaje mtu aseme maneno ya kuweka mnyama, aguse kamba, afumbe vidole, na asiwe ameweka?

Na kama vile hiyo haikutosha, Alhamisi yenyewe mama yangu akatokea. Alikuwa ameamua kuja kumwona mnyama wangu kabla magoti hayajakataa safari. Alipanda pikipiki, akapanda Noah, akapanda pikipiki tena, akafika na chupa ya maziwa ya mgando na kanga yake ya kanisani. Mthamini tayari alikuwa amefika. Kijana wa Nairobi, kofia pana, jalada la karatasi kwapani.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Wewe ndiyo unanunua?"

"Mimi napanga bei tu."

"Basi panga tuone," akasema mama, akaketi juu ya marobota ya majani kama aliyelipia kiti.

Mthamini alipapasa miguu ya mtamba, akakaa zaidi kwenye ule ulioumia. Akaangalia meno. Akamtembeza kwenda, akamtembeza kurudi. Mama naye aliinuka, akazunguka nyuma, akavuta ngozi ya shingo aone itarudi haraka kiasi gani, akainama kuangalia chuchu. "Haina nundu," akaniambia kwa sauti ya msiba. Lakini kijana alipofungua jalada na kuanza kusoma ukoo, mama ya huyu nani, mama ya mama yake nani, alizaliwa kwa nani, mama yangu akanyoosha shingo.

"Rudia bibi yake."

Akarudia.

"Kumbe na nyinyi mnataja!" Mama alifurahi kweli. Baba yangu alikuwa anaweza kusimama mlangoni mwa zizi akataja kila ng'ombe na mama yake, na huyo mama alikuja kwa mahari ya nani. Kwa mara ya kwanza tangu mtamba alipokuja nikaona kitu ambacho sikuhitaji kuelezwa.

Kwa hiyo nilisema. Nilisema haraka, kabla woga haujanikamata, kwamba mtamba huyu niliwekewa, kwamba nimemtunza na kumponya, na kwamba hawezi kuondoka hapa mimi nikabaki mikono mitupu. Msimamizi akatazama buti zake. Mthamini hakucheka. Alitoa simu, akampigia mama mwenye farasi, akaweka spika ili wote tusikie, akamweleza kwa Kiingereza na mimi nikaongezea kwa Kiswahili.

"Mimi nilisema hivyo?" akauliza yule mama.

"Ulisema. Na kamba ulinipa."

"Kamba?" Sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko nilivyoikumbuka. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akamuuliza mthamini, bei yake imekuwa ngapi?

Kijana alizima spika, akasogea pembeni, lakini sauti ya bandani haina pa kujificha. Alisema ukoo ni mzuri sana. Alisema ingekuwa miaka ya nyuma, hata na mguu ule, watu wangegombania. "Lakini kiwanja hakipo, madam. Anayenunua mtamba wa mbio ananunua mtoto atakayekimbia. Atakimbilia wapi?" Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo. Akataja gharama ya lori la kumrudisha, kwamba inazidi bei. Akasema sawa.

Akarudi. "Anasema ni wako. Yeye mwenyewe, si mtoto wake tu. Anasema niandike jina lako."

Nimeurudia mkutano ule kichwani mara nyingi kuliko sala. Alinikumbuka, au alinitupia? Kama angekuwa na bei, angenipa? Siku nyingine naamka nikiamini yule mama ni mtu wa watu, ameelewa desturi yetu kupita tunavyoielewa wenyewe. Siku nyingine naona nimepewa gharama ya lori. Pale pale bandani nilicheka, na msimamizi akaanza kusema mtamba anaweza kubaki ikiwa atabeba wageni wepesi mara mbili kwa wiki. Nikasema ndiyo bila kusikia vizuri.

Mthamini aliweka karatasi juu ya robota, akaonyesha mahali pa mmiliki. "Jina?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alitangulia. Akataja jina la kaka yangu. Jina lake, la baba, na la babu, taratibu, ili kijana asikosee. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama unavyomwambia mtu mlango uko wapi. Mnyama ameingia nyumbani, na nyumba ina mwenyewe.

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Acha!" Niliita kwa nguvu mpaka farasi wote wakainua vichwa. Nilikuwa sijawahi kumpazia mama sauti maishani. "Andika langu."

Mama akanitazama. Nilisubiri anikemee, na nilikuwa na maneno mengi tayari, ya mahari, ya wifi na yale maziwa ya kuomba. Hakunikemea. Mthamini aliandika jina langu, akanionyesha, na lilikuwa limeandikwa sawasawa. Nilitegemea furaha. Niliona aibu, kama niliyekula peke yangu wakati mama ana njaa.

Basi nikamwambia, kwa Kikurya ili wale wengine wasisikie, "Akizaa jike, huyo ni wako."

"Wa kaka yako."

"Wako wewe. Nakuahidi mbele ya mnyama."

Sikumwambia kwamba madume yote ya kambini yamehasiwa. Sikumwambia kwamba dume la kumfaa liko ng'ambo ya mpaka, wala kwamba mguu ule huenda usibebe mimba. Yeye ana zaidi ya miaka sabini, na amekamua ng'ombe wa wengine tangu akiwa mtoto wa kike bomani kwao mpaka vidole vyake vikapinda. Akafungua pindo la kanga, akalifunga tena, halikuwa na kitu.

Kisha akamgeukia mthamini, akamuuliza kwa Kiswahili chake:

"Na mimi unaandika wapi?"

Kijana akanitazama, akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma. Hapakuwa na mahali. Nikamwekea kidole pembeni, kwenye weupe uliobaki, nikamtajia majina matatu ya mama yangu, naye akayaandika kwa herufi ndogo ili yaenee.

"Soma," akasema mama.

Akasoma.

"Soma tena."