Mdogo Wangu, Binti wa Saba

Harufu ya dagaa walioanikwa mchangani ndiyo hunirudisha kijijini kwetu, kwenye rasi ya ziwa, mbali kidogo na Musoma mjini. Msimu ninaoukumbuka nilikuwa darasa la nne. Kwetu tulizaliwa mabinti watupu, saba. Mimi wa sita, na Nyangeta akanifuata. Mchana, tukichambua dagaa, bibi yetu mzaa baba alipenda kutusimulia habari za dada saba waliokwenda kuchota maji. Sita walirudi na mitungi yao. Wa saba alibaki ziwani, maji yamemfika kiunoni, akisikiliza, kwa sababu mtoto wa saba wa kike husikia sauti za waliozama. Sisi wakubwa tulicheka. Nyangeta, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, hakucheka. "Bibi, wanasemaga nini?" aliuliza kila mara, na bibi alimsogezea dagaa wengine wa kuchambua.

Msimu huo upepo ulipindua mtumbwi wa vijana wa jirani. Wengine waliogelea wakafika nchi kavu, lakini mmoja wao, Masatu, hakuonekana. Wanaume walimtafuta mpaka wakaanza kukata tamaa. Alasiri moja mama yake aliingia uani kwetu amekumbatia shati la mwanawe, akakataa hata kukaa.

"Naomba huyo binti yako wa saba," alimwambia mama yetu.

"Huyu ni mtoto tu, mwenzangu. Hajui kitu."

"Anajuaga. Si bibi yake ndiye anasemaga? Nisaidie nimzike mwanangu."

Mama alilitazama lile shati, akashindwa kukataa. Tukateremka ufukweni, nusu ya kijiji nyuma yetu. Nyangeta alipewa shati alishike. Alisimama, midomo ikimcheza, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye miamba iliyo ng'ambo ya matete. Wanaume wakapiga kasia. Masatu alikuwa pale.

Kilio nilikitegemea. Nisichokitegemea ni kumwona Mama Masatu akipiga magoti mchangani mbele ya mtoto, akimshukuru huku ameinamisha kichwa, kama watu wanavyoshukuru kanisani. Nyangeta alirudi nyuma, akajificha kwenye sketi yangu. Njiani alininong'oneza, "Dada, mimi nimeonyesha tu pale penye ndege wengi." Nilimweleza mama maneno hayo. Mama akaniambia ninyamaze.

Hakuna aliyetaka habari za ndege. Walikuja watu waliopotelewa na ng'ombe, wakaja wanawake ambao waume zao walikwenda Mwanza wasirudi. Wasichana wenzake wakakatazwa kuruka naye kamba. Wavuvi walipita kwetu kabla ya kwenda ziwani, wakimtazama usoni. Akiwa amenuna, walirudisha nyavu nyumbani. Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko ameziba masikio kwa vidole, na ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nilimuuliza kama anasikia kitu.

"Zamani sikuwaga nasikia," alisema. "Sasa nasikia."

Mama alikuwa jikoni, akayasikia hayo. Kesho yake alimpeleka kwa shangazi yetu aliyeishi Nyasura, pale Bunda, ambako hakuna aliyejua amezaliwa wa ngapi. Huko wakamwita Neema, jina lake la ubatizo.

Leo ninaishi Mukendo, Musoma mjini. Wavuvi wanaangalia hali ya hewa kwenye simu, na nyumba zenye mabinti saba zimekuwa chache. Wanangu nilipowasimulia hadithi ya bibi, waliisikiliza ikaisha, wakaomba nyingine. Nawaonea wivu. Neema ni fundi cherehani Bunda. Ana mabinti wawili na hataki wa tatu. Mwaka huu, kwenye sherehe ya kumuaga binti yangu, mgeni mmoja wa upande wa mkwe alimuuliza kwao wamezaliwa wangapi. "Sita," alijibu, akaendelea kula. Dada zetu wote walikuwa pale mezani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsahihisha.