Moto wa Kuomba kwa Mshindi

Mume wangu aliposhindwa, wanawake wa mtaa walikuja kutukalia matanga.

Nakumbuka kwanza ukungu. Kule Kasongo, mpunga unapokaribia kuiva, ukungu hupanda kutoka upande wa mto Lualaba na kulala juu ya mapaa mpaka jua lipate nguvu. Asubuhi ile watu walitokea ndani yake mmoja mmoja, mikeka kwapani, bila kubisha hodi. Walitandika uani wakakaa. Jirani yangu mmoja, mama mkongwe, alipitiliza hadi jikoni kwangu, akavuta kuni mekoni na kumwagia makaa maji. Kwetu nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio huleta chakula. Nilisikia makaa yakilia, nami nikaona ni sawa, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo.

Lazima nieleze, maana wajukuu wangu hunicheka nikifika hapa. Wazungu wa Ubelgiji walikuwa bado wanatutawala, ila mwaka ule walisema tuchague wenyewe mtu wa mtaa wetu wa kukaa katika baraza la mji. Wanaume walipewa karatasi za kura. Sisi wanawake tulipewa kazi ya kupikia mikutano. Mume wangu, fundi wa kushona na mtu wa msikitini, akasimama. Aliyeshindana naye alikuwa karani wa pamba, mtu wa misheni, na nyumba yake ilikuwa jirani kabisa na yetu. Ua wa matete tu ndio uliotutenganisha. Tangu mikutano ianze, mke wake na mimi tuliacha kusalimiana. Yeye akitoka kufagia, mimi nilikuwa na kazi ya kutazama kuku.

Karani akashinda. Sasa nani kati yetu alikuwa amewahi kumwona mtu aliyeshindwa akaendelea kukaa palepale? Bibi yangu alizaliwa porini, mama yake akiwa mbioni kwa sababu mumewe ameshindwa vita. Chifu aliyeondolewa na wazungu alipelekwa mbali, asirudi. Kushindwa, kwa jinsi tulivyokujua, kulikuwa ni kufa au kuhama. Kwa hiyo habari ilipotufikia jioni nilikunja vitenge, nikafunga sufuria kwa kamba, nikatuma mtu kwa kaka zangu huko Kabambare, nilikozaliwa, waje na baiskeli. Cherehani niliiviringisha katika blanketi. Sikutaka kuondoka. Watoto wangu wawili wamezikwa Kasongo, na kaburi halifungwi kamba likabebwa kwenye baiskeli. Lakini niliona afadhali hivyo kuliko kupita mbele ya mlango wa karani kila asubuhi.

Mume wangu alikuwa ametoka alfajiri kwenda kuswali, na kutoka msikitini akaenda kutembea, kama alivyozoea akiwa na jambo moyoni. Aliporudi aliukuta ua umejaa. Wanaume nao walikuwa wamefika, wamekaa upande wao, macho chini. Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba wengi wao karatasi zao walimpa karani. Nilitamani kuwamwagia yale maji yaliyozima moto wangu.

Alisimama katikati ya mikeka, futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni, akauliza nani amekufa. Mwishowe mzee mmoja akakohoa, akasema wamekuja kumpa pole. Akasema yeye mwenyewe hafichi, alimchagua karani, kwa sababu karani anajua Kifaransa na wazungu watamsikiliza. Lakini hilo halimzuii mtu kuja kulia na mwenzake.

Kwenye mikutano mume wangu alisema kwa sauti ya kunadi vitambaa. Siku ile alisema polepole, hata kuku walisikika.

"Mzee, siku zile zote niliwaomba nini? Niliwaomba mufikiri. Mumefikiri. Sasa niwakasirikie sababu mulifikiri? Mutu alishindwa, hakufa. Karani iko na kazi ya kutuongoza. Miye niko na kazi ya kumuangalia, na akikosa nitasema, hapahapa, mbele yenu. Nikihama, nani atasema?"

Mzee alijibu kwamba tangu zamani mshindwa huhama. Mume wangu akasema labda ndiyo sababu tangu zamani washindi hawakuwa na mtu wa kuwakosoa. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, akaniambia niwashe moto.

Moto uliozimwa kwa matanga hauwashwi kwa kiberiti. Unaombwa kwa jirani. Alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Nilipomuuliza jirani yupi, akasema wa karibu.

Nilimchukia. Nasema wazi, wakati ule nilimchukia kuliko karani. Maneno mazuri huyasema mwanamume, na kigae cha makaa hukibeba mwanamke. Nilikiokota nyuma ya jiko nikauzunguka ua wa matete. Njia ile naiota hata leo, ingawa si njia. Katika ndoto ukungu haujaondoka, harufu ya mawese inatoka mahali nisipopaona, na miguu yangu haifiki.

Siku ile miguu ilifika. Mke wa karani alikuwa akisonga ugali. Aliona kigae akaelewa, akaacha mwiko. Hapo ndipo nilipoona, nyuma ya mlango wake, mizigo. Sufuria zimefungwa kamba. Mikeka imeviringishwa. Kitanda cha watoto kimevunjwa, vipande vimeegemezwa ukutani. Nikamuuliza kama sasa wanahamia nyumba za wakubwa.

Alitikisa kichwa. "Nilifunga mbele ya siku ya karatasi," akasema. "Niliwaza ni siye tutashindwa."

Tulitazamana. Sijui nani alianza kucheka, najua tu kwamba machozi yalinitoka na sikuyaonea haya. Alinichagulia makaa makubwa, akayafunika majivu ili yasife njiani.

"Siku ingine mukitushinda, dada, nitakuja miye na kigae. Usininyime."

"Sitakunyima," nikasema.

Wanawake uani waliona makaa, wakaona yametoka upande gani, wakaanza kukunja mikeka bila kuambiwa. Mmoja aliuliza kama angeweza kubaki ale, madhali ameshafika. Kaka zangu walikuja siku chache baadaye, wamejaa vumbi la njia ya Lusangi, wakala, wakarudi Kabambare na baiskeli tupu, wamenuna.

Lakini siku ile moto ulishika na sikuwa na cha kuteleka. Nilipiga magoti nikaanza kufungua kamba ya sufuria. Ng'ambo ya matete nilisikia sufuria zake nazo zikigongana.