Usiku Niliopiga Kelele Matogoro

Naukumbuka usiku mmoja, mwanangu, ambao hata leo nikiutaja mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana bado, ingawa nilikwisha kuzaa mtoto mmoja, na tulikuwa tumejificha katika msitu wa Matogoro tukiwakimbia askari wa Wajerumani.

Nimesikia huna usingizi. Shangazi yako unayekaa naye kanieleza kwamba tangu mumeo aende kwenye mashamba ya mkonge, unaamka katikati ya usiku unakaa macho mpaka kunakucha, na mchana unatembea kama mgonjwa. Tena juzi, ananiambia, ulifunga mzigo usiku wa manane ukitaka kumfuata kwa miguu, ukazuiwa mlangoni. Sikucheki, wala sikukemei. Kaa hapa karibu nikwambie yaliyonipata, maana mimi usingizi ulinikimbia kabla mama yako hajazaliwa, na kwa ajili ya hofu yangu mtu alikufa.

Mume wangu wa kwanza alikwenda vitani na wenzake baada ya kunywa ile dawa ya maji. Waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Aliponiaga alikuwa anacheka. Alimrusha juu binti yetu, Tabu, akamdaka, akaondoka. Hakurudi, na maiti yake hatukuiona. Tukabaki pale nyumbani watatu: mimi, Tabu ambaye alikuwa hajaanza kutembea, na mama mkwe wangu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

Halafu askari wakaja kwetu. Walikuja kabla ya alfajiri. Mbwa wetu alibweka mara mbili, akanyamaza. Mwanangu, nilimsikia. Nilimsikia akibweka na nilimsikia akinyamaza, na nilikuwa nimechoka kwa kulima kutwa nzima, nikajigeuza upande wa pili nikalala tena. Nilipofumbua macho paa lilikuwa linawaka. Tulitoka kwa nyuma, tukapita katikati ya mtama, na nyuma yetu tukasikia watu tunaowajua wakilia, kisha hatukuwasikia tena. Walichoma nyumba zote na ghala zote. Ng'ombe waliwaswaga mpaka bomani, kule Songea.

Tukapanda milimani. Kule msituni tulikutana na watu wengine waliokimbia kama sisi, tukawa kumi na mmoja kwa jumla, tukajibanza chini ya mwamba mmoja mkubwa. Miongoni mwetu alikuwa Mzee Haule, mtu mzima sana aliyepoteza wana wake wawili katika vita ile. Yeye ndiye aliyekuwa anatuonyesha ming'oko, ile mizizi ya porini inayochimbwa wakati wa njaa, na ndiye aliyekuwa amebeba mfuko mdogo wa ngozi wenye mbegu za ulezi. Wote tulikuwa na njaa, na hakuna aliyethubutu kuugusa mfuko ule. Tulijua siku tutakayoshuka, ndizo tutakazopanda. Usiku hatukuwasha moto, tukiogopa kuonekana kutoka bondeni. Tulilala gizani na baridi ya Matogoro, ambayo unaijua.

Basi, tangu siku ile ya moto sikulala tena kama watu wanavyolala. Nilikuwa nikisinzia mapema, kisha usiku ukiwa umekwenda sana naamka ghafla, kana kwamba mtu kaniita. Na saa ilikuwa ni ile ile, saa aliyonyamaza mbwa. Moyo unapiga mpaka nausikia masikioni. Jasho linanitoka na huku natetemeka kwa baridi. Nasikiliza. Jani likianguka, nasema ni mguu. Mtu akikohoa, nasema ni ishara. Hata kimya chenyewe niliogopa, kwa sababu kimya ndicho kilichonidanganya mara ya kwanza. Nilijiambia: safari hii sitalala, safari hii nitakuwa wa kwanza kusikia. Nikawa nalinda watu kumi ambao hawakunituma.

Ikafika mahali nikaanza kuogopa jua kuzama. Wenzangu wakienda kuchimba ming'oko mchana, mimi nalala chini ya kichaka. Wakirudi wananigawia chakula nisichokitafuta, nami nakula kwa aibu. Mama mkwe wangu aliniuliza mara moja, "Mkamwana, unaumwa?" Nikamjibu, "Siumwi, mama." Nilijiona sina haki ya kulalamika. Yeye alikuwa amepoteza mwana wa kumzaa, Mzee Haule wawili, na wote walikuwa wanalala. Mimi ni nani nikaseme nasumbuliwa na kukosa usingizi?

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Usiku ule niliokutajia, mvua ndogo ilikuwa inanyesha na ukungu umeshuka. Nikaamka kama kawaida yangu. Nikasikiliza, na mara hii kweli kulikuwa na kitu. Kijiti kilikatika upande wa chini. Kikatulia. Kikakatika kingine, karibu zaidi. Nikasikia pumzi, nzito, si ya mtu mmoja. Nikaona, au nilidhani naona, watu weusi wakijipanga kwenye ukungu na bunduki zao. Hata viatu vyao niliviona. Mama mkwe wangu alikuwa amelala hatua moja kutoka kwangu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Sikumgusa. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Wamekuja! Kimbieni! Wamekuja!"

Watu wakaamka na kilio, na kila mtu akakimbia alikojua yeye, gizani, kwenye mawe yenye utelezi. Mimi nilimkumbatia Tabu nikatumbukia msituni. Matawi yalinichana uso sikuyasikia. Nilikimbia mpaka nikaanguka kando ya gogo, nikajisogeza chini yake, na mtoto akaanza kulia. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Alipojitupa, nikakaza. Nikamwambia sikioni, "Nyamaza, mama, nyamaza, watatusikia." Akanyamaza. Mimi nikashukuru kwamba amenyamaza, nikaendelea kusikiliza viatu, na mkono wangu uko palepale.

Sijui nilikaa muda gani. Nilichogundua kwanza ni kwamba mguu wake uliokuwa unanipiga tumboni ulikuwa unaning'inia. Nikaondoa mkono. Hakulia. Nikaweka shavu langu puani mwake, sikusikia kitu. Nilimtikisa. Nilimpulizia mdomoni, nikamgonga mgongoni, nikamwita jina lake, wala sikujali tena nani ananisikia. Askari wote wa Mjerumani wangekuja pale na taa zao nisingewaona. Kisha akakohoa. Akavuta pumzi moja kama ya mtu anayetoka majini, akaanza kulia. Sijapata kusikia sauti tamu kama kile kilio, hata leo.

Kulipopambazuka nikarudi kwenye mwamba. Nilikuta alama za kwato zimezunguka kote, na udongo umefukuliwa tulipotupa maganda ya ming'oko. Walikuwa nguruwe mwitu. Hakuja askari hata mmoja.

Lakini Mzee Haule alikuwa hayupo. Tulimpata chini ya korongo, mguu umevunjika juu ya goti na mfupa unaonekana. Mfuko wake wa mbegu alikuwa bado ameushika kifuani. Tulimpandisha kwa machela ya matawi. Nikapiga magoti mbele yake nikalia, nikasema, "Baba, ni mimi." Akanitazama, akasema, "Ningekuwa na nguvu za kusikia kama wewe, hata mimi ningepiga kelele." Aliishi siku sita. Ule mguu ukaoza, homa ikampanda, tukamzika palepale kwenye mawe, bila ngoma, bila hata kuomboleza kwa sauti.

Siku ya maziko, jioni, mama mkwe wangu akaniita kando. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku waliyochoma nyumba, mama. Nilimsikia mbwa. Nikalala tena."

Akaketi chini kando yangu. Kisha akasema, "Mimi pia nilimsikia."

Nikamtazama, sikuamini.

"Nilimsikia nikalala," akasema. "Na hata tungeinuka wote wawili, wangechoma tu. Wewe hukuwaleta. Sikiliza nikwambie, mkamwana. Kuamka si kosa lako, hofu ndiyo inayokuamsha. Kosa lako ni kwamba unaamka peke yako na mimi nipo hapa. Mtu aliyeamshwa na hofu haoni sawasawa, hasikii sawasawa. Kuanzia leo utalala mkono wako uko juu yangu. Ukiamka, usibaki umejilaza kama maiti ukipigana na usingizi. Inuka ukae. Niamshe. Tutasikiliza wawili."

"Nitakuchosha, mama."

"Nichoshe. Mzee Haule hatachoka tena."

Neno hilo lilinichoma, na nadhani alitaka linichome. Kesho yake hakuniacha nilale mchana. Aliniburuta kwenda kuchimba mizizi, nasinzia huku nimeshika mti, ananiamsha. Alinibandulia magome ya miti, akanifundisha kutoa nyuzi na kusokota kamba kwenye paja, kazi ambayo mikono inaweza kuifanya bila macho. Usiku nikiamka, nainuka, nakaa, namgusa. Anasema, "Unasikia nini?" Namwambia. Wakati mwingine anajibu, "Huo ni upepo." Wakati mwingine, "Hicho sikijui, tungoje." Tunangoja, naye anarudi kulala, na mimi nasokota kamba mpaka macho yanakuwa mazito yenyewe. Usiku mwingine hayakuwa mazito. Basi nilisokota mpaka asubuhi, na asubuhi ilikuja vilevile.

Masika yale yalipokuwa yanakwisha, niliamka tena na kumgusa. Akasikiliza. Safari hii hakusema ni upepo. Alinibana mkono kwa nguvu. Chini yetu, njiani, watu walikuwa wanapita, wengi, na mmoja alicheka. Walikuwa askari kweli. Tuliwagusa wenzetu mmoja mmoja bila neno. Nilimpa Tabu ziwa anyonye, sikumziba mdomo. Tulikaa pale watu kumi bila kusogea, nami nikafikiri moyo wangu peke yake utatufichua. Wakapita. Hatukukimbia popote. Walipokwisha kwenda mbali, mama mkwe wangu alijilaza, na nilisikia meno yake yanagongana. Nikajua basi kwamba naye alikuwa anaogopa kama mimi, kila usiku, siku zote.

Tulishuka baadaye, wakati njaa ilikuwa imeenea nchi nzima. Tulipanda ule ulezi. Tabu alikua, akaolewa Namasakata kwa Wayao, na wajukuu ninao kule. Mama mkwe wangu alifia mikononi mwangu akiwa mzee. Na mimi, mwanangu, nisikudanganye, mpaka leo usiku mwingine naamka saa ile ile. Sijapona kabisa. Ila sikimbii.

Kwa hiyo sikia ninachokuomba. Ukiamka usiku na moyo unakwenda mbio, usiamue jambo. Mambo ya mume, ya safari, ya kuacha nyumba au kumtuhumu mtu, yaache mpaka uyaone kwa mwanga, maana usiku mambo hayo huonekana makubwa kuliko yalivyo. Usijilaze ukiuomba usingizi, haubembelezwi. Inuka ukae, tafuta kazi ndogo isiyohitaji akili. Mchana fanya kazi zako hata kama umechoka, usiulipe usiku kwa kulala kutwa. Na zaidi ya yote, usifiche. Mwamshe shangazi yako. Atanung'unika, mwache anung'unike, lakini atakaa na wewe. Mimi niliona aibu kumwamsha mtu mmoja, nikaishia kuwaamsha wote kwa kilio, na nikamzika mzee wa watu.

Mungu akulinde unapolala na akulinde zaidi unapoamka. Wazee wetu waliolala milimani wakuombee. Mumeo arudi salama, na ikiwa atachelewa, usiwe peke yako katika kumngoja. Uone asubuhi nyingi, mwanangu.