Bur Yare, Hakuna Jibu

Pale Tarbaj watu walisema vidole vya Kulow vina macho. Alikuwa akishika redio ya mkononi, akigeuza kioo chake chini, akiendelea kuzungumza nawe habari za mvua na za ngamia waliovuka kuja kutoka upande wa Mandera, huku kidole gumba kinabonyeza namba moja baada ya nyingine mpaka redio inalia piip na chaneli imeingia. Yeye alisema hapendi kusifiwa. Lakini mgeni akifika ofisini, Kulow hakukosa redio ya kupanga.

Ujuzi huo hakuupata darasani. Alimaliza kidato cha nne Wajir, akawa karani wa ghala la mradi mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, na kwa kukaa karibu na fundi wa misafara ya magari akajifunza redio bila kufundishwa. Mradi ulipofungwa alirudi kwao na begi la nguo na redio mbovu mbili. Chama cha visima kilipoanzishwa, na kila kisima kikapewa redio kwa kuwa huko porini simu hazishiki, hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa. Ripita ikafungwa juu ya mlingoti, kando ya tangi kubwa la maji, na Kulow akawa mwalimu wa wote.

"Ripita ni kama mpiga mbiu," aliwaeleza wazee siku ya kwanza. "Inasikia sauti hafifu ya mtu aliye mbali, inaipaza ili wote waisikie. Lakini sikio lake liko kwenye masafa yake, na mdomo uko kwenye masafa mengine. Redio yako lazima iambiwe yote mawili. Unaingiza ya kusikilizia, unahifadhi. Unaingiza ya kusemea, unahifadhi tena kwenye chaneli ileile. Ukisahau ya pili, utasikia kila mtu, lakini wewe utakuwa unaongea na mdomo. Na mdomo hausikii."

Wazee walicheka. Maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, na baadaye ndiyo yaliyomchoma kuliko yote.

Kisima cha Bur Yare kiliangaliwa na mwanamke aitwaye Weris. Mumewe ndiye aliyekuwa mwangalizi, na alipougua, Weris ndiye aliyekuwa akiwasha mashine ya kuvuta maji na kugawa zamu za ngamia birikani. Mume alipofariki, kamati ikampa kazi hiyo. Shemeji yake, Kadar, aliitaka, na hakuficha. Alisema kisima si jikoni.

Redio ya Weris ilipotumbukia birikani ikafa, alikuja Tarbaj kuchukua nyingine. Siku hiyo ofisi ilikuwa na wageni kutoka kaunti. Kulow alichukua redio mpya, akaanza kuipanga huku anawaeleza wageni jinsi mlingoti ulivyosimamishwa.

"Mwalimu, hata hutazami?" mmoja wao aliuliza.

"Mkono umezoea," Kulow alijibu akitabasamu.

Piip. Mgeni akauliza swali la pili, kuhusu paneli za jua. Kulow akalijibu kwa urefu. Alipomaliza, redio ilikuwa bado mkononi mwake, na mkono uliozoea ukamwambia kazi imekwisha. Akampa Weris.

"Jaribu, abaayo," alisema, kama mtu anavyomwita dada yake.

Weris alisogea mpaka getini, akabonyeza. "Tarbaj, Tarbaj, hapa Bur Yare." Sauti yake ikalia kwenye redio zote zilizokuwa mezani, safi kama kengele. Wageni wakapiga makofi.

Kitu kimoja hakikuwepo. Mtu akisema kupitia ripita na kuachia kitufe, hubaki mvumo mfupi, kama mtu anayevuta pumzi, kabla ya kimya. Siku hiyo mvumo haukuja. Kulow aliona kwamba haukuja, kama unavyoona kifungo kimekatika kwenye shati la mtu mwingine, ukanyamaza. Chai ilikuwa imeletwa.

Kila asubuhi Kulow aliita visima vyote kimoja kimoja, na kila mwangalizi alitoa habari zake, zikaandikwa daftarini. Hewani ilikuwa ni Kiswahili tu. Hiyo ilikuwa amri ya kamati, kwa sababu maafisa wa maji na polisi walisikiliza chaneli hiyo na wengi wao hawakujua Kisomali. Kwa hiyo kilichosemwa asubuhi kilisikika katika kila kambi ya ngamia yenye kisima, na katika ofisi za serikali pia.

"Bur Yare, Bur Yare, hapa Tarbaj."

Kimya.

"Bur Yare, hakuna jibu." Akapita kwenda kisima kingine.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Ulikuwa wakati wa kiangazi kikali, mafuta ya gari yalipimwa kwa kikombe, na hakuna aliyetaka kutuma gari kwa sababu mtu mmoja hajajibu. Asubuhi iliyofuata Kulow alikuwa amechoka, na visima vingine vilikuwa vinasubiri. Akaita mara kadhaa, kisha akasema bila kuachia kitufe:

"Hajibu. Mama yetu bado anaota. Jamani, tulidhani tumepeleka redio Bur Yare, kumbe tumepeleka mto wa kulalia."

Chaneli ikajaa vicheko. "Mwambieni ageuke upande wa pili!" alisema mmoja. "Huo mto una antena!" akadakia mwingine. Kulow naye alicheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchekesha watu wengi namna hiyo, na hakuweza kujidanganya baadaye kwamba haikumpendeza.

Siku hiyohiyo mwangalizi wa kisima jirani akaleta habari. Ngamia wa Bur Yare wamefika kwake kwa wingi, wamekonda, na wengine wamebaki njiani. Mashine ya Bur Yare imekufa tangu Jumatatu.

Salat, mwenyekiti wa chama, aliinuka kitini. "Tangu Jumatatu! Na mwanamke ana redio kifuani, hakusema neno? Kulow, nenda na Abdiwahid. Atengeneze mashine. Wewe mnyang'anye redio, umpe Kadar. Kuanzia leo kisima ni cha Kadar."

Abdiwahid alikuwa dereva na fundi wa mashine, kijana mwenye maneno mengi. Njia nzima aliimba habari za mto wa kulalia.

Walimkuta Weris amekaa kando ya birika kavu. Wachungaji walikuwa wachache, na Kadar alikuwa miongoni mwao, amesimama kama mtu aliyeitwa kwenye harusi. Weris aliinuka, akavua redio shingoni, akamkabidhi Kulow kwa mikono miwili.

"Walaal, ndugu yangu, nilikuita."

"Hukusikika, abaayo."

"Nilikuita Jumatatu mashine iliponyamaza. Nikakuita kila asubuhi ulipotaja Bur Yare. Nilikuwa nakujibu, na wewe unasema hakuna jibu." Akawaonyesha wachungaji kwa kidevu. "Siku ya ule mto, hawa walikuwa wamesimama papa hapa. Wananitazama nikibonyeza, na huku sauti yako inatoka humu."

"Anabonyeza kwa kuigiza," Kadar alisema. "Tulimwona."

Kulow akabonyeza kitufe. "Tarbaj, Tarbaj." Redio ya mawasiliano iliyofungwa garini, hatua chache tu pembeni, ikanguruma sauti yake.

"Inafanya kazi, abti, mjomba!" Abdiwahid alipiga kelele. "Haina ugonjwa hii. Ugonjwa ni usingizi."

Watu wakacheka. Kulow alikuwa anamngoja Fosia, karani aliyebaki ofisini, ambaye hujibu hata kabla hujamaliza kuita. Fosia hakujibu. Wala mvumo haukuja.

Ndipo akaelewa. Akaona tena chai, wageni, paneli za jua, na kidole chake kikisimama katikati ya kazi. Redio ya Weris ilikuwa inaongea na mdomo. Pale ofisini ilisikika kwa sababu masikio mengine yalikuwa karibu, na hapa pia, gari lilikuwa karibu. Kati ya hapa na Tarbaj hapakuwa na sikio hata moja.

Akawageuzia mgongo kama mtu anayetafuta kivuli ili asome kioo. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alihitaji kutazama. Akakosea, akafuta, akaanza upya. Akaingiza masafa ya kusemea. Piip.

"Tarbaj, Tarbaj."

"Nakupata vizuri sana, mwalimu," Fosia akajibu, na nyuma yake ule mvumo, kama pumzi ya mtu.

"Ilikuwa nini?" Abdiwahid aliuliza.

"Betri," alisema Kulow. "Haikuwa imekaa vizuri."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi, na likishatoka halikuwa na pa kurudi.

"Ahaa!" alisema Kadar. "Kumbe siku zote hizo anaongea na redio isiyo na betri!"

"Taa ilikuwa inawaka," Weris alisema taratibu. "Walaal, kila nikibonyeza taa ilikuwa inawaka."

Kulow alitazama mchanga. "Wakati mwingine huwaka tu," alisema, na akampa Kadar redio.

Usiku alikula kidogo, akamwambia mkewe ni joto. Hakuwa akifikiria ngamia, ingawa alijua baadhi walikufa. Alichofikiria ni mwanamke aliyesimama mbele ya watu, anajibu, na sauti ya mwanamume anayesikilizwa na kila mtu inasema, mbele ya watu haohao, kwamba hajibu. Na mwanamume huyo alikuwa yeye.

Asubuhi Salat alikuja ofisini mapema kusikiliza.

"Bur Yare, Bur Yare, hapa Tarbaj."

"Tarbaj, hapa Bur Yare!" Kadar alijibu papo hapo. "Mashine inanguruma, birika limejaa, alhamdulillahi."

"Umeona?" alisema Salat, akamgonga Kulow begani. "Kisima kimepata mwenyewe."

Pongezi zikaanza kumiminika. Mwangalizi mmoja akauliza kama ule mto wa kulalia umeshachomwa moto. Kulow alishika maikrofoni. Alisubiri kicheko kiishe.

"Vituo vyote, hapa Tarbaj. Anasema Kulow. Redio ya Bur Yare haikuwa na ubovu wa betri. Nilidanganya. Mimi ndiye niliyeipanga, na sikumaliza. Niliingiza masafa ya kusikilizia, nikasahau ya kusemea. Weris alikuwa akijibu kila asubuhi. Alituita tangu Jumatatu. Alituita akatusikia tukimcheka, na hakuna aliyemsikia, kwa sababu yangu."

Salat alikuwa ameinua mkono. "Kulow, zima! Mambo haya tutayazungumza ofisini, si hewani."

"Nilimtukana hewani, mzee," alisema Kulow, akaachia kitufe.

Mvumo ukapita. Hakuna kisima kilichosema neno. Fosia alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya shungi. Kulow alitamani mtu amtukane, lakini hata hilo hakulipata. Watu walimwonea haya, wakatazama pembeni, kama anavyotazamwa mtu ambaye kikoi kimemfunguka sokoni.

Kwa Wasomali, aliyemvunjia mtu heshima hupeleka haal. Haal hailipi kilichoharibika. Inasema mbele ya mashahidi kwamba aliyekosa ni huyu. Wazee waliamua kisima kirudi kwa Weris, Kulow apeleke kondoo jike aliyenona, na Salat mwenyewe aende, kwa kuwa ndiye aliyetoa amri bila kuuliza. Walipofika Bur Yare, Kadar alivua redio na kuiweka juu ya ukuta wa birika, akaondoka bila kuaga.

Salat alisema maneno yake. Kulow alisema yake, na yalikuwa machache. Kondoo alikuwa akilia wakati wote.

"Kondoo nimempokea," Weris alisema. "Sasa hiyo chaneli ifute. Uipange upya, hapa, mbele yangu. Na utazame."

Kulow akachuchumaa. Akaifuta, akaanza mwanzo, akimsomea kila namba kabla ya kuibonyeza, kama mtoto anayesoma herufi zake mbele ya maalim. Abdiwahid, ambaye siku hiyo hakuwa na wimbo, alisimama kando akitazama matairi ya gari. Ya kusikilizia. Piip. Ya kusemea. Piip.

"Nijaribu?" aliuliza Kulow.

"Hapana. Wewe kila mara unajaribu ukiwa karibu."

Akaichukua redio, akaondoka nayo kwa miguu kupita birika, kupita zizi la mwisho, mpaka vazi lake likawa kitu chekundu kidogo kati ya migunga. Hapo akasimama. Walimwona akiinua mkono, na redio ya gari ikatoa sauti yake.

"Tarbaj, Tarbaj, hapa Bur Yare. Mashine imezima. Ngamia wako birikani na wengine wanakuja. Leteni fundi. Tarbaj, mnanisikia?"

Mvumo ukapita.

"Bur Yare, nakupata," alisema Fosia, sauti imejaa wasiwasi. "Mashine imezima tena?"

Weris hakujibu. Kule mbali kile kitu chekundu kilibaki kimesimama. Salat alimtazama Kulow. Kulow alielewa kwamba jibu hilo linamngoja yeye. Akaingiza mkono dirishani, akachukua maikrofoni ya gari.

"Fosia, haijazima. Hiyo ni taarifa ya Jumatatu."

"Jumatatu ipi, mwalimu?"

Kulow akabonyeza tena. "Jumatatu ile. Iandike mahali pake daftarini. Andika aliita."

"Haye, sawa," alisema Fosia. "Naandika aliita."

Weris akaanza kurudi, polepole, akiwa ameishusha redio. Kulow alibaki na maikrofoni mkononi, akitazama mchanga, na hakuwa na uhakika ataweza kuinua macho atakapofika.