Kumi kwa Kumi, na Mtoto Hanyonyi

Saa tatu asubuhi, muuguzi Felicitas Karwirwa ameinama juu ya mtoto wa siku moja katika wodi ya watoto wachanga, hospitali moja ya Meru. Anamtia kidole mdomoni. Mtoto hanyonyi. Anamwinua mkono, unaanguka kama kitambaa kilicholowa.

"Shosho, huyu ametoka wapi?"

"Timau. Ni mpole sana, sista," anajibu Ciakuthii, nyanya wa mtoto, kwa fahari. "Tangu azaliwe hajalia hata mara moja. Hajasumbua mtu."

Felicitas anafumba macho. Sifa hiyo huisikia karibu kila wiki, na humchosha upya kila mara.

"Mtoto mchanga hana upole, shosho. Akinyamaza hivi, ubongo ulikosa hewa."

Anafungua barua ya kliniki alikozaliwa. Alama za hali ya mtoto baada ya kuzaliwa, kati ya kumi: dakika ya kwanza tisa, ya tano kumi, ya kumi, kumi.

"Kumi ya nini sasa, na mtoto hakulia?" anasema. "Hawa wanajaza alama jioni wakikunywa chai. Watoto wote ni kumi tu."

Kazi yake ni kupima dalili tisa, zikiwemo ulegevu, kunyonya, kupumua na degedege, ili ajue ubongo umeumia kiasi gani. Saa sita za kwanza baada ya kuzaliwa ndizo za kuwahi matibabu ya kuuokoa. Huyu amefika baada ya saa ishirini, maana karatasi ilisema ni mzima. Kati ya barua thelathini na moja za watoto kama huyu alizoweka mwaka huu, ishirini na sita zimeandikwa kumi. Inaudhi kusikia, seuze kuishi nayo.

Miguu ya mtoto inaanza kukanyaga hewani, kama anaendesha baiskeli.

"Ona, anacheza," anasema Ciakuthii.

"Hachezi, shosho. Hiyo ni degedege."

Anampa dawa. Baada ya muda miguu inatulia. Kunyonya bado.

Ukimuuliza mbona hana subira na wenzake, muuguzi huyu wa miaka 46 anatazama pembeni.

"Kwa sababu hiyo kumi nimewahi kuiandika."

Ilikuwa mwaka 2009, katika zahanati moja upande wa Kanyakine. Alikuwa peke yake zamu hiyo, na akina mama watatu wa kujifungua. Mtoto mmoja alichelewa kulia, naye Felicitas akaogopa kuulizwa kwa nini.

Mtoto huyo, Mutugi, ana miaka kumi na mitano sasa. Hawezi kukaa bila kushikwa. Mama yake, Ntinyari, husali kanisa moja na Felicitas.

"Huniambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi naitikia amina."

Mwezi ujao anapanga kuwaita wahudumu wa kliniki sita, awaombe waandike walichokiona, hata kama ni sifuri.

"Lakini nitawaambia aje na mimi sijasema? Jumamosi naenda kwa Ntinyari. Nitamwambia mtoto wake hakupata kumi. Alipata tatu, na mimi ndiye niliandika kumi."